Mama anapaka jeli ya magoti, anafunga nailoni juu, na vidonge bado anameza

BARUA

Dada mfamasia shikamoo, na pole na majukumu. Mimi ni msomaji wako niko Tanga, jina naomba niitwe Binti wa Tanga tu maana bi mkubwa wangu anajulikana sana huku mtaani na hatapenda mambo yake yasomwe.

Shida ni magoti yake. Ana miaka 66, na tangu nipate akili nimemuona kakaa kwenye mbuzi anakuna nazi au kwenye kigoda anakaanga maandazi ya kuuza. Miaka hii ya karibuni goti la kulia likaanza kuuma, la kushoto likafuata, akiamka asubuhi mpaka ajinyooshe nyooshe ndo asimame, ngazi hawezi kabisa, swala anaswali kwenye kiti. Hospitali wakampiga picha wakasema magoti yamesagika, wakampa vidonge vya maumivu vya siku tano na jeli ya kupaka, ile ya diklofenaki, tukarudi nyumbani.

Sasa toka hapo ndo imekuwa mtindo. Jeli ikiisha tunanunua nyingine, na vidonge navyo anaagiza duka la dawa la jirani, anameza diklofenaki asubuhi na usiku, ni miezi sasa, anasema jeli peke yake haina nguvu ile ni ya kupoza tu. Usiku ndo shughuli yenyewe: anapaka jeli, juu yake anaongeza dawa ya kuchua ya kopo aliyoletewa na kaka yangu kutoka Muscat, ile ya moto inayonukia kama bigijii ya minti, anazungushia nailoni eti dawa isikimbie, anafunga kanga, halafu anaweka chupa ya maji ya moto ndo analala. Wiki iliyopita nimemfungua asubuhi nakuta goti la kulia jekundu lina malengelenge mawili makubwa, na jioni bado anataka kupaka hapo hapo!

Na ana presha. Kliniki anapewa losartani pamoja na kile kidonge cha kukojoa. Ilikuwa imetulia vizuri lakini mara mbili za mwisho imepimwa 160 juu, nesi anamuuliza mama dawa unameza kweli, na anameza, mimi namshuhudia. Jioni miguu inavimba, na alfajiri analalamika tumbo linawaka moto.

Halafu kuna mimi. Nina ujauzito wa miezi saba na mgongo unaniua, nikaona hii si ya kupaka tu, nikawa nachota jeli ya mama napaka kiunoni, kama wiki mbili hivi. Mume wangu kagundua tukabishana sana, yeye anasema ni dawa, mimi nikasema haiingii tumboni. Tangu siku ile sina amani.

Naomba unijibu: jeli ndo imemuunguza mama, tuitupe? Vidonge aendelee navyo? Jirani yetu anasema tuachane na yote achomwe sindano za diklofenaki ndo kiboko ya magoti. Na je mimi nimemdhuru mtoto? Nisisahau jambo, mtoto wa dada yangu wa mwaka mmoja na nusu analala kitanda kimoja na bibi yake na yale makopo yako hapo hapo pembeni.

Binti wa Tanga

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa ujauzito. Bi mkubwa mpe shikamoo zangu na umwambie pole sana, maumivu ya goti yasikie tu kwa mtu.

Kabla sijaeleza chochote kuna mambo ya kufanya leo leo. Vidonge vya diklofenaki mama asimeze tena, havina shida kuacha ghafla. Nailoni na chupa ya maji ya moto viondoke. Goti lenye malengelenge lisipakwe kitu chochote, si jeli, si ya kopo. Wewe na jeli muachane. Lakini dawa za presha ASIACHE, hata siku moja, nasisitiza maana najua nikisema acha vidonge kuna mtu ataacha vyote. Na mchunguze leo: kama choo chake kimekuwa cheusi kinanata kama lami, au ametapika kitu cha rangi ya kahawa, au mkojo umepungua sana, au anahema akilala chali, au kifua kinabana, hiyo ni ya hospitali leo hii, hata kama ni usiku. Kama hamna hayo basi wiki hii hii aonwe na daktari, msisubiri tarehe ya kliniki.

Haya, sasa tukae tuongee.

Umeniuliza kama jeli ndo mbaya muitupe. Nakujibu kwamba kwenye mlolongo wote ule wa usiku na mchana, jeli ndo kitu chenye afadhali kuliko vyote, na mbaya ni vile mlivyoizungushia. Watu wengi wanaamini kama mama, kwamba kidonge ndo dawa yenyewe na jeli ni ya kubembeleza, wakati kwa mtu wa umri wake mwenye presha mpangilio unatakiwa uwe kinyume. Waingereza kwenye mwongozo wao wa matibabu wa 2022 wanasema goti lililosagika ukihitaji dawa anza na ya kupaka, za kumeza zifuate pale ya kupaka ikishindwa, na hata hapo kwa dozi ndogo na muda mfupi. Sababu ni kwamba ukipaka jeli ya diklofenaki ya asilimia 1 kwenye goti moja, gramu 4 mara 4 kwa siku, inayofika kwenye damu ni kama asilimia 6 ya ile ambayo ingefika ukimeza vidonge vya mg 50 mara 3. Asilimia 6! Dawa inabaki nyingi palepale kwenye ngozi, misuli na goti, na tumbo, figo na moyo vinapata kidogo. Hiyo ndo faida yote ya jeli. Sasa mtu akipaka jeli halafu akameza na kidonge cha dawa ile ile, faida yote ameifuta, amerudi kwenye dozi kamili ya kumeza na kuongeza juu.

Na mumeo yuko sahihi, ni dawa. Asilimia 6 si sifuri. Nitakuja kwako.

Tuanze na vidonge maana hapa ndo roho yangu ilishtuka niliposoma barua yako, kuliko hata malengelenge. Diklofenaki ya kumeza, na ibuprofeni na ndugu zake wote, inafanya mwili ushike chumvi na maji, ndo maana miguu inajaa jioni na presha inapanda hata kama mtu anameza dawa zake vizuri, zinavutana. Yule nesi aliuliza swali la haki lakini angeongeza na la pili, mama unameza nini kingine? Halafu kuna figo. Ili figo ichuje inahitaji damu iingie kwa msukumo mzuri. Diklofenaki inabana mshipa unaoingiza damu pale kwenye chujio, losartani inalegeza mshipa unaotoa, na kidonge cha kukojoa kinapunguza maji mwilini, kwa hiyo mgonjwa anayetumia zote tatu kwa pamoja msukumo unashuka kutoka pande tatu na figo inaweza kuchoka kimya kimya bila maumivu yoyote, hasa kwa mzee, hasa akiharisha au akiwa kwenye joto hajanywa maji ya kutosha. Na lile tumbo la alfajiri linalowaka, dawa hizi zinapunguza ule ute unaokinga ukuta wa tumbo, ndo njia ya vidonda vya tumbo hiyo, na kidonda kinaweza kuvuja damu hata mtu hajawahi kusikia maumivu makali. Mamlaka ya dawa ya Ulaya nayo mwaka 2013 ilitoa tahadhari kwamba diklofenaki ya kumeza au sindano isitumike kwa wenye ugonjwa wa moyo au waliowahi kupata kiharusi, na wenye presha waangaliwe kwa makini.

Duka la dawa halikutakiwa kumpa miezi na miezi bila kumuuliza ana ugonjwa gani. Nasema hivyo kwa uchungu maana kuuliza ni nusu dakika tu, mama una presha, una vidonda vya tumbo, una pumu, unatumia dawa gani nyingine. Wewe unayesoma hii, usipoulizwa sema mwenyewe.

Sindano ya jirani? Dawa ni ile ile. Ukichomwa kwenye tako inaingia kwenye damu yote, tumbo na figo vinaipata kama kawaida, kwa hiyo usifikiri eti kwa sababu haijapita mdomoni tumbo limesalimika, haliko hivyo, dawa inaliharibu tumbo kupitia damu. Asichomwe. Kuna sindano nyingine daktari wa mifupa anachoma ndani ya goti lenyewe, hiyo ni habari tofauti na ni ya hospitali, si ya jirani wala duka la dawa.

Sasa goti lililoungua. Aliyeunguza nadhani ni ile ya kopo ikishirikiana na nailoni na chupa. Hizo dawa za kuchua za moto nyingi zina mentoli, kafuri na metili salisileti, hiyo ya mwisho ndo inatoa harufu ya bigijii uliyoisikia, na ni ndugu wa damu wa aspirini. Kazi yake ni kuchokoza ngozi ili usikie joto au baridi usahau maumivu, peke yake na kidogo haina shida kwa watu wengi, hata mimi siwakatazi. Lakini Septemba 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba kuna watu waliungua ngozi vibaya kwa dawa hizi za kuchua, wengine mara ya kwanza tu kupaka, ndani ya saa 24, na wakasema wazi usifunge bandeji ya kubana juu yake na usiweke kitu cha moto. Bi mkubwa kafanya vyote viwili kwa pamoja. Nailoni inaloanisha ngozi na kuifungua, joto linatanua mishipa, dawa inaingia nyingi na kwa kasi, ya kopo na ya jeli pia, yaani hata ile asilimia 6 niliyokutajia haipo tena, ni zaidi. Anavyosema "dawa isikimbie" namuelewa, lakini jeli ikikauka haijakimbia, imeingia.

Malengelenge usiyatumbue. Osha kwa maji safi ya kawaida, funika kwa kitambaa safi kisichonata, usipake dawa ya meno wala asali wala mafuta ya taa. Ikitoa usaha, wekundu ukisambaa, au kama mama ana sukari, aende zahanati aoneshe. Jeli arudie ngozi ikipona kabisa, haipakwi kwenye kidonda, mchubuko, au upele.

Akishaonwa na daktari, figo zikipimwa zikakutwa ziko vizuri na akaambiwa jeli aendelee, basi apake hivi. Aoshe goti akauke. Akae kwenye kiti mguu kaunyoosha kidogo. Kiasi ndo wengi wanakosea, unakuta mtu kaminya tone dogo kama punje ya harage kalipaka juu ya kifuniko cha goti basi, kesho anasema haifanyi kazi. Vikaratasi vingi vinasema gramu 2 mpaka 4 kila mara, mara 3 au 4 kwa siku. Gramu 4 ni kama mstari wa sentimita 11 ukiminya kwenye kiganja, gramu 2 ni nusu yake, inatofautiana kidogo na tundu la tyubu. Asambaze goti zima, mbele, pembeni kote na nyuma ya goti, taratibu, haihitaji kusugua kwa nguvu kama anafua. Aache ikauke dakika 10 ndo avae au ajifunike, asiogee eneo hilo kwa angalau saa 1, na anawe mikono kwa sabuni asije akashika macho au unga wa maandazi. Kama kinachopakwa ni vidole vyenyewe basi mikono asinawe mpaka saa ipite.

Wengi mnaniuliza kuhusu udhu kwa hiyo niliseme hapa. Goti halimo, lakini kifundo cha mguu, vidole na kiwiko vimo na maji yataondoa dawa, sasa panga mwenyewe: paka baada ya kuswali, kwa mfano baada ya alfajiri na baada ya isha ndo zenye nafasi ndefu, na ya mchana baada ya adhuhuri. Hivyo dawa inakaa na ibada haisumbuki.

Jua la Tanga nalo. Goti lililopakwa lifunikwe na nguo ukitoka nje, dawa hizi zinaweza kufanya ngozi iungue na jua haraka. Na kaka yako wa Muscat akileta jeli nyingine aangalie jina la dawa ndani, kuna za ketoprofeni, hizo na jua haziendani kabisa, eneo lisipigwe na jua siku zote unazopaka na wiki 2 baada ya kuacha. Mwambie pia asilete jeli yoyote ya maumivu kuongezea hii, mbili za jamii moja ni dozi mbili hata kama boksi ni tofauti.

Pesa. Najua utaniuliza. Tyubu ya gramu 30 ukipaka gramu 2 mara 3 kwa goti moja inakaa siku 5, magoti mawili ni siku mbili na nusu, na ukienda gramu 4 mara 4 kwa goti moja haimalizi siku 2. Ni gharama, sikufichi, ndo maana watu wanapaka tone. Mimi naona bora achague goti linalouma zaidi alipake ipasavyo kuliko kupaka yote mawili kidogo kidogo ambayo ni kupoteza pesa, na atumie vipindi yanapowaka, si mwaka mzima. Aipe muda pia, kwa goti lililosagika inaweza kuchukua mpaka siku 7 za kupaka kila siku ndo asikie tofauti. Wiki 3 zikipita hamna kitu, aache amuone daktari, asiongeze. Na nisimpe matumaini ya uongo: kwenye tafiti, kati ya watu 10 wenye magoti ya hivyo waliopaka jeli ya diklofenaki kama 6 walipata nafuu nzuri, lakini waliopaka jeli isiyo na dawa ndani nao kama 5 kati ya 10 walipata nafuu. Inasaidia, lakini gegedu, ile nyama ngumu ya kwenye kiungo, likisagika halirudi kwa jeli, wala kwa kidonge, wala kwa sindano ya jirani.

Kwa maumivu ya katikati anaweza kumeza parasetamoli, vidonge 2 vya mg 500, akae saa 6 ndo arudie, visizidi 8 kwa siku, na kama ni mwembamba sana au ana shida ya ini viwe pungufu, amuulize daktari. Angalieni boksi tafadhali, kuna vidonge vinauzwa sana ambavyo ndani ya kidonge kimoja kuna diklofenaki na parasetamoli pamoja, akipewa hivyo amerudi kulekule.

Halafu kuna kitu kinasaidia magoti kuliko vyote nilivyotaja na ni bure, watu hawakipendi sababu hakina boksi. Misuli ya paja. Misuli ya mbele ya paja ikiwa na nguvu inabeba mzigo ambao sasa hivi goti linabeba peke yake. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mpaka uwe sawa na paja, ahesabu mpaka 5, ashushe taratibu, mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Siku za kwanza itauma kidogo, ikiuma sana apunguze. Mbuzi ya nazi iinuliwe iwekwe kwenye benchi au amkunie mwingine, na maandazi akaange kwa meza akiwa amekaa kwenye kiti cha kawaida, kigoda kile kinakunja goti mpaka mwisho na kunyanyuka pale ndo kunaua. Mkongojo ashike mkono wa upande wa goti zima, yaani likiuma zaidi la kulia ashike kushoto, wengi wanashika upande mbovu na haisaidii. Maji ya moto anayoyapenda simnyang'anyi, ila yawe wakati wake, kitambaa kilichokamuliwa cha uvuguvugu, ngozi ikiwa safi haina dawa yoyote, dakika 15 na si kulala nacho.

Sasa wewe. Usilie, nisikilize vizuri. Kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito dawa za jamii hii zinaweza kupunguza mkojo wa mtoto aliyeko tumboni, na mkojo wake ndo sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka, Oktoba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi la jambo hilo. Na miezi mitatu ya mwisho kuna mshipa karibu na moyo wa mtoto ambao unatakiwa ubaki wazi mpaka azaliwe, dawa hizi zinaweza kuufunga kabla ya wakati. Ya kupaka inaingia kidogo ndo maana hatari yake ni ndogo kuliko vidonge, na jeli ya wiki mbili kiunoni sitegemei iwe imemfanya kitu mtoto, lakini vikaratasi vya dawa nyingi za kupaka za jamii hii vinakataza miezi mitatu ya mwisho na wewe upo hapo hapo. Kwa hiyo umeacha, kliniki nenda wiki hii useme ukweli nilipaka diklofenaki kiasi hiki siku hizi, usione aibu, wakiona inafaa watakupima ultrasaundi waangalie maji. Mtoto akipunguza kucheza usisubiri kesho. Ya kopo nayo usipake, nimekuambia ni ndugu wa aspirini. Mgongo wako mumeo akukande kwa mafuta ya nazi ya kawaida, lala kwa ubavu na mto katikati ya magoti, kitambaa cha uvuguvugu, na maumivu yakizidi parasetamoli kwa dozi ya kawaida ndo chaguo la kwanza kwa mjamzito, ila mwambie mkunga. Maumivu yakija na kuondoka kwa vipindi yakiongezeka, au yakiambatana na maji au damu, hayo si ya mgongo, nenda ukapimwe.

Na yule mjukuu, toa makopo yale pembeni ya kitanda kabla hujamaliza kusoma. Kafuri ikimezwa na mtoto inaweza kumletea degedege ndani ya muda mfupi, na mafuta yenyewe halisi ya metili salisileti kijiko kimoja cha chai kina salisileti ya gramu 7 hivi, zaidi ya vidonge 20 vya aspirini vya mtu mzima, ya kwenye kopo imepunguzwa lakini mtoto wa miezi 18 ni mdogo. Juu kabatini, kifuniko kimefungwa, na wala asipakwe puani akiwa na mafua. Bibi akishapaka goti alifunike nguo, mtoto asiparamie na kulamba, ila kusema kweli ningeona bora alale kitanda kingine siku za dawa. Ikitokea akameza, msimtapishe wala kumpa maziwa, mbebeni na kopo lenyewe mkononi mkimbie hospitali.

Kwa wengine mnaosoma, hata jeli peke yake wapo wasiotakiwa kuitumia bila kuuliza: mwenye pumu ambaye aspirini au ibuprofeni iliwahi kumbana kifua, mwenye kidonda cha tumbo kinachomsumbua sasa, mwenye figo mbovu, na anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda. Huyu wa wafarini hata ya kopo yenye metili salisileti asipake, inaweza kuifanya damu iwe nyepesi kupita kiasi.

Siku ya kwenda na mama hospitali, usiende na maelezo ya mdomo. Chukua mfuko, weka boksi la losartani, kile cha kukojoa, karatasi ya vidonge vya diklofenaki hata kama imebaki tupu, tyubu ya jeli, kopo la Muscat, na dawa za mitishamba kama anakunywa, umwage mezani kwa daktari. Mwambie miezi mingapi amemeza na mara ngapi kwa siku. Omba presha ipimwe, damu ya figo yaani kreatinini na potasiamu, na wingi wa damu kuangalia kama tumbo halijavuja. Mwambie habari ya tumbo la alfajiri, anaweza kumwanzishia dawa ya kutuliza asidi. Na presha irudiwe kupimwa wiki mbili au tatu baada ya kuacha vidonge kabla hawajamuongezea dawa nyingine ya presha, maana kuna uwezekano mkubwa itashuka yenyewe.

Dada Mfamasia